Picha ya Liede: kisa cha picha za kale na kisasa kutoka Guangzhou

Picha iliyozua mjadala wote huu, kipi ni cha kale na kipi ni cha kisasa hapa Guangzhou, kusini mwa China, ni moja tu, ya kijiji cha Liede. Chini kuna ukumbi wa ukoo wa Kichina, yaani jengo la ukoo kukutania na kuheshimu mababu, matofali ya kijivu, paa la vigae lenye nakshi kwenye mgongo wake, mfereji wa maji mbele, halafu nyuma yake maghorofa yamepanda mpaka yamekatwa na fremu, huoni yanapoishia. Mpigaji ni jamaa yangu wa Dar, kazi yake ni picha za harusi, alikuja Guangzhou mwezi wa kumi msimu wa Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya biashara, kufuata mzigo, na wakati kontena linasubiri kujaa akawa na muda wa kuzunguka na kamera. Jioni moja tunakula akanionyesha kazi yake yote, ile ya Liede akiwa ameiweka ya kwanza, na maneno yake alishayaandika kabisa: kijiji cha karne tisa kimesalimika katikati ya maghorofa.

Picha ni nzuri, hilo halina ubishi, mistari imekaa, mwanga umepiga ukuta wa ukumbi vizuri na maghorofa nyuma yamebaki na ubluu wao. Shida iko kwenye neno moja, kimesalimika. Hakikusalimika. Nikamwambia ukumbi huo na mnara wa Canton Tower umri wao ni mmoja, akacheka, "Kaka acha hizo, angalia hizo nakshi." Nakshi ni za kweli, mafundi ni wa kweli, lakini Liede ilivunjwa yote.

Ngoja nieleze vizuri maana bila hapa mengine hayaeleweki. Hii sehemu inayoitwa Zhujiang New Town, yenye maghorofa yote unayoyaona kwenye kadi za posta za Guangzhou, zamani ilikuwa mashamba na vijiji. Mji ulipopanuka serikali ikachukua mashamba, lakini viwanja vya nyumba za wanakijiji vikabaki mikononi mwa kijiji, basi wenyewe wakafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye kiwanja katikati ya mji angefanya, wakajenga nyumba za kupangisha, ghorofa tano, sita, zimebanana kiasi kwamba mtu wa dirisha hili anaweza kumpa mkono mtu wa dirisha lile, na ndivyo zinavyoitwa hadi leo, nyumba za kupeana mikono. Wapangaji ni watu wa mikoani waliokuja kutafuta riziki. Mji mzima ulijaa vijiji vya namna hii na bado vipo vingi tu.

Liede ilikuwa ya kwanza Guangzhou kubomolewa na kujengwa upya kwa mpango wa namna hii. Ubomoaji ulianza 2007, na wanakijiji walianza kurudi 2010 wakaingia kwenye maghorofa marefu, mwaka ambao mji ulikuwa mwenyeji wa michezo ya Asia na kila kitu kilikuwa kinakimbizwa kiishe kabla ya Novemba. Kumbi za ukoo zilivunjwa kutoka zilipokuwa, zikajengwa upya kwa pamoja kando ya mfereji. Kwa hiyo ule ukumbi kwenye picha, Canton Tower yenye mita 600, jumba la opera alilolichora mbunifu majengo Zaha Hadid, na lile jengo la IFC linalopita mita 430, vyote vimekamilika mwaka 2010 au karibu yake. Na lile refu zaidi nyuma, CTF, mita 530, ni la 2016. Kwenye fremu nzima hakuna tofauti ya umri inayofika hata miaka kumi. Jamaa alinyamaza kidogo hapo, akaanza kukuza picha kwenye skrini anaangalia viungo vya matofali, na kweli ukiviangalia kwa karibu vimenyooka mno, chokaa ni safi, hakuna tofali lililolika pembeni.

Sasa hapa watu wengi huwa wanakimbilia kusema basi ni feki. Mimi sikubaliani na hilo na nilimwambia hivyo hivyo. Wachina wamejenga kwa mbao kwa muda mrefu sana, mbao zinaungua, zinaliwa na mchwa, kwa hiyo jengo linajengwa tena palepale au karibu yake na jina linaendelea. Mnara wa Zhenhai pale kwenye bustani ya Yuexiu unatajwa kuwa wa 1380, na ni kweli mnara ulisimamishwa mwaka huo, ila ulishaharibika na kujengwa mara kadhaa na mwaka 1928 ndani uliwekwa zege. Na sisi tunayo hayo hayo kwetu, nenda msikiti wa Kizimkazi kule Unguja, maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ukutani ni ya mwaka 1107, lakini sehemu kubwa ya jengo ni ya karne ya 18. Hakuna mtu mwenye akili zake atakwambia Kizimkazi ni feki. Unachotakiwa ni kusema kipi ni cha lini, basi.

Kinachonifanya niandike kirefu ni hiki: ukishajua ukumbi ni wa 2010, swali linahama, unaanza kujiuliza basi hapo Liede kilicho cha zamani kweli ni kipi, na jibu lipo, tena liko kwenye picha hiyohiyo, ni ule mfereji. Kila mwaka mwezi wa tano wa kalenda ya Kichina, kwetu inaangukia Mei mwishoni au Juni, koo za vijiji vya mtoni zinashindana kwa mitumbwi mirefu ya joka, na vijiji jirani vinatembeleana kwa mitumbwi hiyo. Na mitumbwi ya zamani ya mbao ngumu haihifadhiwi bandani, inafukiwa kwenye tope chini ya maji ili mbao zisipasuke, halafu sikukuu ikikaribia watu wanaingia majini kuifukua, wanasukuma tope kwa mikono, wanachota maji kwa ndoo, fashfashi zinapigwa, wazee wako ukingoni wanatoa amri. Wanaoshuka kwenye tope wengine wanakaa ghorofa ya thelathini. Ukumbi ni mpya, ukoo ni wa zamani, na karamu ya mitumbwi bado inaliwa mbele ya ukumbi huohuo mpya. Oktoba huyaoni hayo, nilimwambia picha yake imepigwa msimu usio wake, ila angalau sogeza fremu chini maji yapate nafasi, maana kwenye picha yake ya kwanza mfereji ulikuwa ukanda mwembamba tu chini ya fremu.

Baada ya hapo tukapitia zilizobaki. Alikuwa na mafungu mawili kwenye simu, moja kaliita Kale na lingine Kisasa, na kwa kweli fungu la Kisasa halikuwa na shida yoyote, nitalisemea mbele kidogo. Fungu la Kale ndilo lilikuwa na kazi.

Picha nyingi humo zilikuwa za Yongqing Fang, kule Enning Lu (lu ni barabara) wilaya ya Liwan, eneo ambalo wenyeji wanaliita Xiguan. Ni vichochoro vya nyumba za matofali ambavyo 2016 vilikarabatiwa na kampuni ya majengo chini ya mpango wa mji, badala ya kubomoa wakaacha umbo la mtaa, wakaweka mikahawa, maduka ya zawadi, sehemu za kulala wageni. Nyumba ya kina Bruce Lee upande wa baba yake iko humo humo. Pamependeza, siwezi kumkataza mtu kwenda. Jamaa alikuwa amepiga ule mlango wa Xiguan, ule wenye magogo ya duara yamelala mlalo yanasukumwa pembeni, umepakwa vanishi mpya na nyuma yake kuna mashine ya kahawa inaonekana. Mlango huo unafanya kazi gani? Nyumba ya zamani ya Xiguan ina milango mitatu mlangoni pamoja, wa nje ni mfupi unaishia kifuani kuzuia macho ya wapita njia, wa kati ndio huu wa magogo, na wa ndani ni mbao nzito. Mchana wa joto unafungua ule mzito, unafunga wa magogo, upepo unaingia mwizi haingii, na bibi aliyekaa ndani anaona barabara nzima bila mtu kumwona vizuri. Kwenye mkahawa mlango unakaa wazi kutwa, magogo yamesukumwa pembeni yamekuwa pambo. Nikamwambia atoke nje ya Yongqing aingie vichochoro vya jirani ambavyo watu bado wanakaa.

Alienda asubuhi iliyofuata. Akarudi na picha ambayo mimi naiona ndiyo bora kuliko zote za safari nzima, mlango wa magogo uleule, rangi imetoka, magogo mawili ya katikati yamelika pale ambapo mikono imeshika miaka na miaka, umefungwa, na kwa ndani kuna feni inazunguka na televisheni inawaka, na kwenye gogo la chini kimefungwa kimfuko cha plastiki chenye mboga, ameacha mtu wa kuleta mboga. Hapo kale na kisasa viko pamoja na hakuna ghorofa hata moja kwenye fremu.

Na kwenye Enning Lu yenyewe, chini ya zile baraza, akawakuta mafundi wa shaba. Hizi baraza nazo ni za kuelezwa. Mji ulipovunja kuta zake za zamani mwishoni mwa miaka ya 1910 na mwanzoni mwa miaka ya 1920, barabara mpya zikachongwa, na nyumba za biashara zikajengwa ghorofa ya juu ikiwa imetoka mbele imebebwa na nguzo, chini yake mtu anatembea bila kulowa mvua wala kuungua jua. Kwa hiyo zilikuwa ndio usasa wa wakati wake. Fundi mmoja anagonga birika la shaba kwa nyundo, alama za nyundo zinapangika safu kwa safu, kila moja inakaa pembeni ya mwenzake bila kupandana, na mkono wa kushoto unazungusha birika kidogo sana kila pigo. Jamaa alimwonyesha kamera, akaandika kwenye programu ya kutafsiri akaomba ruhusa, fundi akasoma, akaelekeza kidole kwenye mikono yake kisha akapunga mbele ya uso wake, yaani mikono piga uso acha. Akapiga mikono tu. Kitaalamu ilimsaidia hata, maana alisogea karibu, akashusha spidi ya kamera mpaka sehemu moja ya thelathini ya sekunde, nyundo ikatoka na ukungu na birika likabaki limetulia.

Hili la ruhusa nalisisitiza kwa sababu naona watu wetu wengi wakija huku wanapiga hovyo. Sheria ya kiraia ya China iliyoanza kutumika 2021 inampa mtu haki juu ya sura yake, kuitengeneza au kuichapisha picha ya sura yake bila ridhaa kunaweza kuleta kesi, isipokuwa kwa mambo machache kama habari au mandhari ya wazi ambapo watu hawaepukiki. Mtu mmoja mmoja umuombe, kundi la watu mtaani linaeleweka. Majengo ya kijeshi usiguse kabisa hata kama huoni bango. Na droni, tangu Januari 2024 kuna kanuni za nchi nzima, lazima isajiliwe kwa jina la mwenye nayo, na maeneo ya katikati ya mji kama haya kurusha bila kibali ni kujitafutia maelezo ya kuandika polisi. Jamaa alikuwa na yake kwenye begi. Ilibaki kwenye begi.

Shamian nitaipita haraka. Ni kile kisiwa kidogo ambacho Waingereza na Wafaransa walipewa baada ya vita vya pili vya kasumba, makubaliano ya 1861, majengo ya mawe ya Kizungu yamejipanga chini ya miti mikubwa na kila mtu anapiga picha hapo, maharusi hasa. Jamaa alijisikia yuko nyumbani kikazi, maana kila kona kuna bibi harusi, msaidizi ameshika kiakisi mwanga, mpiga picha yuko chini anapiga kelele za kuelekeza. Alipiga majengo kama majengo. Kilichokosekana ni upande wa pili wa mfereji, ambako barabara inaitwa 623, yaani tarehe 23 mwezi wa 6, kwa sababu siku hiyo mwaka 1925 waandamanaji walipigwa risasi kutoka kisiwani na zaidi ya watu 50 wakafa. Ukisimama barabara hiyo ukapiga kuelekea kisiwani unapata mfereji, daraja na nyumba za Kizungu kutoka pale walipokuwa wamesimama walioandamana, na picha inapata maana ambayo ukiwa ndani ya kisiwa huipati. Ni hatua chache tu.

Sehemu iliyokuwa na utajiri kuliko zote ni Yide Lu, na jamaa alikuwa ameshapita pale bila kupiga chochote isipokuwa kanisa. Kanisa lenyewe ni kubwa, la granaiti tupu kuanzia chini mpaka juu, wenyeji wanaliita Nyumba ya Mawe, lilianza kujengwa 1863 likaisha 1888, na mawe yalichongwa na mafundi wa Kichina. Alilipiga kutoka mbele, minara miwili, anga la bluu, hakuna mtu. Ungeambiwa ni Ufaransa ungekubali. Lakini kanisa hilo limezungukwa na masoko ya jumla! Yide Lu ni mtaa wa vitu vikavu vya baharini, samaki, kamba, kombe, magunia ya uyoga, na upande mwingine ni midoli, mapambo na vitu vya shule, na hata wafanyabiashara wetu wa Kariakoo na Eastleigh wengi wanaujua kwa ajili ya hayo ya pili. Harufu unaisikia kabla hujafika. Wabeba mizigo wana vitoroli vya chuma vya magurudumu mawili, wanapakia maboksi mpaka yanawapita kichwa, wanapita kwa kasi wakipiga kelele watu wapishe.

Tulienda pamoja, na nilimwomba asimame ndani ya kichochoro cha magunia, ageukie kanisa, asubiri. Alitaka kupiga mara moja kama alivyozoea harusini ambapo tukio halirudii, nikamwambia hapa tukio linarudia kila dakika mbili, tulia. Akatumia lenzi ndefu kidogo, ile ya kuvuta, ili minara isogee karibu na magunia, maana kwa lenzi pana kanisa linarudi nyuma linakuwa dogo. Kitoroli cha kwanza kilipita kimeziba kila kitu. Cha pili mtu aliinama. Baadaye akaja mbebaji mmoja na maboksi ya midoli yamefungwa kamba ya njano, akapita sawasawa chini ya mnara wa kushoto, na nyuma yake kwa mbali bibi harusi amenyanyua gauni lake anaruka dimbwi la maji ya samaki. Mawe ya 1888, soko la jumla, harusi ya wiki hiyo. Jamaa aliangalia skrini akasema tu "Hii hata mteja wangu wa Sinza ananunua."

Kuna msikiti wa Huaisheng nao, Guangta Lu, huu ulimgusa zaidi kwa sababu yeye ni Muislamu na aliingia kuswali. Mapokeo yanasema ulianzishwa na Sahaba Saad bin Abi Waqqas, wanahistoria wengi wanalitilia shaka hilo, ila kwamba wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiajemi walikuwa na mtaa wao hapa zama za utawala wa Tang, karne ya 7 hadi mwanzo wa ya 10, hakuna anayebisha. Mnara wake ni wa duara, mweupe, haufanani na minara ya kawaida ya China, mita 36 hivi, ndani una ngazi mbili zinazozunguka, na mto zamani ulipokuwa unafika karibu ulitumika kuongozea meli. Msikiti ulijengwa upya 1350, tena 1695 baada ya moto, na ukumbi wa kuswalia uliopo ni wa 1935, wa zege. Kwa hiyo humu ndani kila jengo lina umri wake, na mnara ndio mzee wao.

Mimi napenda mtu wa pwani yetu asimame hapo ajue anatazama nini. Pepo za msimu zilizoleta majahazi Kilwa na Malindi ndizo hizo zilikuwa zinaunganika, bandari kwa bandari, mpaka hapa, na vyombo vya kauri vya China vimeokotwa Kilwa na Gede, na Kunduchi, pale pale Dar, makaburi ya nguzo yalipambwa kwa bakuli za Kichina. Jamaa amekua Tegeta, Kunduchi ni jirani, na alikuwa hajawahi kuyaona makaburi hayo. Ameahidi akirudi aende ayapige, na nimemwambia hiyo picha ndiyo itakayokaa pamoja na ya mnara, ukurasa mmoja, maana zinahusiana kuliko mnara na ghorofa lolote la huku. Mnara wenyewe aliupiga kutoka barabarani, chini ya miti, madirisha ya fleti na viyoyozi pande zote mbili. Ndani alimwomba ruhusa mlinzi kwanza na hakupiga watu wanaoswali.

Nilimpeleka pia Beijing Lu, mtaa wa maduka, watu ni wengi mno. Katikati ya njia kuna sehemu imewekwa kioo chini, na ndani yake unaona tabaka za barabara za zamani zilizofukuliwa 2002, tabaka 11, barabara juu ya barabara kuanzia zama za Tang na kuendelea mpaka za Jamhuri ya kabla ya 1949, zote palepale. Yaani watu wamekuwa wakitembea mstari huohuo zaidi ya miaka elfu. Kupiga picha ya kioo ni kazi, mchana unapata taa za maduka na uso wako mwenyewe. Tulirudi usiku ambapo taa za ndani ya shimo zinawaka, akabandika lenzi karibu kabisa na kioo kwa pembe, akaacha viatu vya watu na mifuko ya maduka vipite juu ya fremu.

Kuhusu fungu la Kisasa, kama nilivyosema halikuwa na shida, jamaa mwanga anaujua. Canton Tower alishaipiga saa ile ambayo jua limezama na anga bado lina bluu, na hilo ndilo jambo kubwa, ukichelewa anga linakuwa jeusi na mnara unaelea hewani kama tangazo. Wenyeji wanauita Kiuno Chembamba, na ukiuangalia kutoka ng'ambo unaona kwa nini, nguzo za chuma zimesokotwa zimebanwa katikati. Taa zake zinabadilika rangi kila mara, kwa hiyo pima mwanga kwenye mnara wenyewe, acha majengo mengine yawe meusi kidogo, ukipima kwenye mto mnara unaungua unakuwa nyeupe tupu. Stendi ya kamera kwenye viwanja vyenye walinzi huleta maswali, yeye aliegemeza kamera kwenye ukingo wa mto. Na Oktoba alibahatika, hewa ni kavu na unaona mbali. Ukija Machi au Aprili kuna unyevu ambao kuta zinatoka jasho, ukitoka hotelini kwenye kiyoyozi lenzi inaingia ukungu papo hapo na nusu ya mnara inapotea mawinguni, basi weka kamera kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa iizoee hali ya nje kwanza.

Ila ushauri wangu kwenye kisasa ulikuwa mmoja, daraja la Haizhu. Kila mtu analivuka, hakuna anayelipiga. Lilifunguliwa 1933, daraja la kwanza la kuvuka mto Zhujiang mjini, Oktoba 1949 jeshi la Kuomintang, chama kilichokuwa kinatawala kabla ya wakomunisti, likiwa linakimbia likalilipua, 1950 likatengenezwa likafunguliwa tena, na leo asubuhi pikipiki za umeme zinapita juu yake kwa mamia na wazee chini ukingoni wananyoosha viungo. Vyuma vimepindwa juu kama mgongo, ndani ya vyuma unamwona mleta chakula na koti lake la njano. Alilipiga alfajiri, akapata.

Jambo dogo la kiufundi ambalo lilimsumbua: alikuwa anategemea ramani za simu kuandika mahali pa kila picha, na picha zote zikawa zinaonekana zimepigwa mtaa wa pili au katikati ya mto. Simu haikuharibika. Ramani za China zinatumia mfumo wake wa vipimo ambao unasogezwa makusudi, kwa hiyo nukta ya GPS ya kamera ukiiweka juu ya ramani ya huku inakwenda pembeni mita mia kadhaa. Andika jina la mtaa kwa herufi za Kichina, piga picha ya kibao, imeisha. Na kama unatuma picha nyumbani kila siku, jua mapema kwamba WhatsApp, Insta na huduma za Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya hapa, panga njia yako kabla hujapanda ndege.

Tulipokuja kuandika maneno ya chini ya picha ndipo ubishi ulipokuwa mkubwa zaidi. Mimi nilitaka kila picha iwe na mwaka, na kama jengo lina miaka miwili, wa kuanzishwa na wa kujengwa upya, yaandikwe yote. Yeye akasema watu hawasomi, wanataka neno moja la kugusa moyo. Nikamwonyesha ile ya Liede nikamwambia andika ulichojua sasa hivi, kwa maneno yako, tuone kama haigusi. Akaandika: kumbi za ukoo za Liede, zimejengwa upya kando ya mfereji baada ya kijiji kubomolewa 2007, waliokuwa wanakijiji sasa wanaishi kwenye maghorofa ya jirani na kila mwaka wanashindana mitumbwi kwenye maji haya. Hilo neno la kusalimika likaondoka lenyewe. Na picha akairudia kabla hajaondoka, safari hii kutoka ng'ambo ya mfereji, maji yamechukua karibu nusu ya fremu na mama mmoja anavuka daraja dogo na mfuko wa soko.

Mafungu ya Kale na Kisasa ameyafuta, picha amezipanga kwa mitaa, kuanzia Guangta Lu mpaka Liede. Tumebaki hatukubaliani kwenye moja tu, mlango wa mkahawa wa Yongqing Fang. Yeye anautaka ubaki, anasema rangi zake ni nzuri na atauandika 2016 kama nilivyomtaka, mimi nasema ukishakuwa na mlango wenye kimfuko cha mboga huo mwingine hauna kazi. Ameshauweka.